Lifti ya Gari Nyumbani: Anza na Jamvi

Mwenye Noah mbili tatu zinazopiga ruti ya Korogwe na Handeni hufika siku akachoka. Wiki hii bushi zimekwisha, wiki ijayo shokapu inavuja, baadaye boksi la gia linataka kushushwa, na kila mara fundi analala chali uvunguni, vumbi linamwingia machoni, gari likiwa juu ya jeki na tofali. Ndipo wazo la lifti linapokuja: nguzo mbili uani, gari juu, fundi kasimama wima. Wazo ni zuri, ila wengi huliharibu mapema, kwa sababu wanaanza kwa kuuliza bei na tani. Swali la kwanza liko nyumbani, chini ya miguu yako: jamvi la gereji lina unene gani?

Lifti ya nguzo mbili, ambayo ndiyo wengi wanaifikiria wakisikia neno lifti, haina pengine pa kuegemea. Kila nguzo inashikwa na bolti chache zilizozama kwenye zege. Gari likiwa juu, mikono inayolibeba inavuta vichwa vya nguzo kuja ndani, na mvuto huo wote unaishia kwenye bolti hizo. Zege likiwa jembamba au bovu, bolti inang'oka na bonge lake, na gari la tani moja na nusu linakuja chini palepale fundi aliposimama.

Sasa angalia tunavyojenga. Jamvi la nyumba nyingi humwagwa juu ya mawe na kifusi, sentimita tano, pengine nane, koleo zikihesabiwa kwa macho, kisha linapigwa niru likang'aa. Niru haikuambii kilicho chini yake. Watengenezaji wengi wa lifti wanataka zege lisilopungua sentimita 10, wengine 15, lenye nguvu ya megapaskali 20 hadi 25. Kujua la kwako likoje hakuhitaji mhandisi. Toboa kwa drili pale nguzo itakapokaa, mpaka biti idondoke kwenye kifusi. Chukua waya mgumu, upinde ncha kidogo kama ndoana, uingize tunduni, kisha uvute taratibu mpaka ncha inase upande wa chini wa zege. Tia alama kwenye waya usawa wa sakafu, utoe, upime. Fanya hivyo penye nguzo zote mbili, maana jamvi linaweza kuwa na sentimita 12 upande mmoja na sita upande mwingine.

Likikosa unene, usivunje sakafu nzima. Kata ukanda mmoja unaopita chini ya nguzo zote mbili. Lifti nyingi za nguzo mbili zina upana wa mita tatu na nusu hivi kutoka nje ya nguzo hadi nje ya nguzo, kwa hiyo ukanda wa urefu wa mita 4.2, upana wa mita 1.5 na kina cha sentimita 30 unatosha na kubaki. Hapo unamwaga zege la karibu mita za ujazo 1.9. Mafundi wetu wamezoea saruji, mchanga na kokoto kwa uwiano wa moja kwa mbili kwa nne. Kwa kazi hii shuka hadi moja kwa moja na nusu kwa tatu, ambayo itakula mifuko 15 hivi ya saruji. Weka wavu wa nondo za milimita 12, lakini kabla ya kumwaga chora mahali bolti zitakapopita na uzikwepeshe nondo. Usipofanya hivyo, siku ya kutoboa biti itagonga chuma, fundi atatoa jasho kidogo, atakata tamaa, na bolti itaingia nusu. Ukiwa hupo, hutajua.

Udongo nao una neno lake. Kwenye udongo mwekundu uliokwisha kushindiliwa huna shida kubwa. Mabondeni penye udongo mweusi unaopasuka kiangazi na kuvimba masika, chimba uutoe, ujaze moramu kwa tabaka na kushindilia kila tabaka, la sivyo sakafu itacheza na nguzo zako zitainama kila msimu.

Kisha kuna maji. Zege linataka kunyweshwa angalau siku saba, na kwa Handeni hilo si jambo dogo: mji umetegemea kwa muda mrefu maji ya mradi wa HTM (Handeni Trunk Main) yanayovutwa kutoka Mto Pangani upande wa Korogwe, na kila mkazi wa mjini anajua mgawo ulivyo. Jaza pipa kabla ya kumwaga, funika zege kwa magunia au nailoni, mwagilia asubuhi na jioni. Nguvu inayotajwa kwenye vitabu vya lifti ni ya zege lenye siku 28. Atakayekuambia wiki moja inatosha anawahi kazi nyingine Mombo.

Paa linafuata. Watu hupima gari likiwa chini wakasahau kwamba litapanda. Noah ina kimo cha karibu mita 1.85; ukiinyanyua mita 1.8 ili mtu wa kimo cha kawaida afanye kazi kasimama, unahitaji mita 3.65 na ushee, na hapo hujahesabu keria. Hiace ya paa la kawaida inakaribia mita mbili, zile za paa la juu zinazidi. Gereji nyingi za nyumbani zina dari la mita 2.7 au 3. Zipo lifti fupi zenye bamba la kupitishia nyaya sakafuni badala ya boriti ya juu, nazo zinaingia kwenye banda la chini, ila gari halitapanda zaidi ya pale paa linapokomea. Kama una uwanja, banda la bati lenye kenchi za juu nje ya nyumba lina faida kuliko gereji iliyoungana na nyumba. Moshi na mafuta hukaa mbali na jiko, na hewa inapita. Lifti ya ndani isiachwe wazi mvuani: mota na breka havipatani na maji.

Umeme ndio unaowakamata wengi baada ya kulipia. Lifti ya kawaida ya tani nne ina mota ya kilowati 2.2 hivi. Dukani utaambiwa ipo ya njia moja na ya njia tatu. Ya njia tatu inawaka kwa ulaini na mota yake hudumu, lakini kama nyumbani una Luku ya njia moja, kuomba TANESCO wakuletee njia tatu ni gharama na subira nyingine, hasa nguzo zikiwa mbali. Kwa gereji ya nyumbani chukua ya njia moja, ya volti 230, na uiwekee waya wake wenyewe kutoka kwenye meni, wa milimita za mraba nne au zaidi kadiri umbali unavyoongezeka, na breka yake. Usiichomeke kwenye soketi inayowasha friji. Wakati wa kuanza, mota huvuta umeme mara kadhaa ya ule inaotumia ikishazunguka. Jioni, mtaa mzima ukiwa umewasha majiko na pasi, volti zikiwa zimeshuka, itanguruma bila kunyanyua, na mota inayonguruma hivyo inaungua. Mpe fundi umeme mita ya kupimia volti saa moja usiku, siyo saa nne asubuhi.

Kituo cha umeme cha Hale kiko wilayani Korogwe, mitambo yake ya megawati 21 ilianza kuzungushwa na maji ya Pangani mwaka 1964, na bado umeme hukatika hapohapo jirani. Hili lina maana kubwa kwa mwenye lifti, na wauzaji hawalisemi. Gari likishapanda hulazwa juu ya loki, vile vyuma vinavyoingia kwenye meno ya nguzo. Kulishusha, lazima kwanza ulinyanyue kidogo ili loki ziachie, ndipo uvute kamba na kufungua vali ya mafuta. Kunyanyua huko kunataka mota. Umeme ukikatika saa nne na Noah iko juu, Noah inabaki juu, na abiria wa saa sita wa kwenda Handeni wanatafuta gari lingine. Kwa hiyo uliza kabla ya kununua: je, mtambo huu unaweza kuungwa pampu ya mkono? Kama jibu ni hapana, panga jenereta, na usidanganywe na kale kadogo ka kuwashia taa na televisheni. Mota ya kilowati 2.2 inataka jenereta yenye uwezo zaidi ya mara mbili ya huo, kwa sababu ya ule mvuto wa kuanzia.

Ukishamaliza sakafu, paa na umeme, sasa ndiyo tuzungumze tani na aina. IST au Probox ina uzito wa tani moja na kidogo. Noah ni tani moja na nusu. Hardtop na Prado huvuka tani mbili. Lifti ya tani 3.5 au nne inatosha kwa yote hayo, na ile ziada si anasa; inakupa nafasi kwa gari linalokuja na mizigo ambayo mwenyewe hakutaka kuishusha. Coaster na Canter usiziwaze. Hizo ni za shimo au za gereji kubwa.

Tani pekee hazitoshi. Lifti ya nguzo mbili hubeba gari katika sehemu nne tu, na sehemu hizo zinatofautiana. Gari dogo lisilo na chesisi lina kingo zilizoimarishwa chini ya milango, mara nyingi zimetiwa alama. Magari yetu mengi yametembea miaka mingi Japani kabla ya kuja, mengine yalipita kwenye barabara za chumvi ya theluji, na kingo hizo zimeliwa na kutu chini ya rangi nzuri. Gonga kwa mpini wa bisibisi kabla ya kuweka mkono wa lifti: ukisikia mlio mzito uko salama, ukisikia kama unagonga mkebe wa maziwa, tafuta pengine. Hardtop na pikapu zina chesisi, nazo zinahitaji vipande vya kuongeza urefu juu ya raba za mikono, vinginevyo mkono utagusa ngazi ya mlango kabla ya kuifikia chesisi. Hakikisha vipande hivyo vimo kwenye boksi unapopokea mzigo.

Noah ya zamani, ile ambayo injini iko chini ya viti vya mbele, na Hiace vilevile, zina uzito uliokusanyika tofauti na gari lenye injini chini ya boneti. Usizipachike kwa mazoea ya IST. Nyanyua mpaka matairi yaachane na ardhi kwa kiganja kimoja, simama, shika bampa, lisukume gari kwa nguvu mbele na nyuma. Likiyumba, teremsha, panga mikono upya. Na kumbuka kuwa mzani unabadilika kazini: ukishusha boksi la gia na injini au ukatoa ekseli nzima ya nyuma, upande uliobaki unazidi. Hapo unahitaji stendi ndefu ya kusimamisha chini ya upande mzito kabla ya kufungua bolti ya kwanza.

Katika mtambo wenyewe, macho yako yakae kwenye loki kuliko kwenye rangi. Wakati gari linapanda lazima usikie zikigonga nguzo zote mbili kwa pamoja, ta-ta-ta, kila sentimita kumi hivi. Zikipishana sauti, nyaya za kusawazisha zimelegea. Kazi haifanyiki gari likiwa limeshikwa na mafuta peke yake, hata kwa dakika tano za kubadilisha oili. Sili ya silinda ni raba, na raba inachoka bila kutoa taarifa. Angalia pia kama mikono ina meno ya kuizuia isizunguke ikishabeba. Zipo lifti za bei rahisi ambazo meno hayo ni membamba kama sega, na zipo zisizokuwa nayo kabisa. Hizo waachie wenyewe.

Lebo nazo zisomwe kwa akili. Marekani, ambako Peter Lunati wa Memphis alitengeneza lifti ya kwanza ya magari ya haidroliki mwaka 1925, kuna taasisi ya watengenezaji iitwayo ALI inayothibitisha mitambo hii. Ulaya wana kiwango cha EN 1493. Kubandika stika ni rahisi. Mwombe muuzaji cheti chenye namba ya modeli ileile iliyo kwenye bamba la chuma la mtambo, na kitabu cha ufungaji. Muuzaji asiye na kitabu hawezi kukuambia bolti zinakazwa kwa nguvu gani, maana yake hakuna atakayejua.

Lifti za mtumba zinaingia pia, na nyingine ni bora kuliko mpya za hovyo. Ukienda kuiona Dar es Salaam, iwe Gerezani au kwenye yadi yoyote, nenda na fundi mchomeleaji badala ya fundi magari. Atazame maungio ya mikono na kitako cha nguzo: ufa uliopakwa rangi, au mshono mpya juu ya wa zamani, ni sababu ya kurudi nyumbani. Pitisha kitambaa cha pamba kwenye nyaya za chuma zote. Kikinasa, kuna uzi umekatika. Bolti za sakafuni zilizotumika hazirudiwi, nunua mpya. Na ile ya skrubu, isiyotumia mafuta, ina nati inayobeba gari zima. Ukiona ungaunga wa shaba au chuma umeganda kwenye grisi chini ya skrubu, nati inaliwa.

Lifti ya nguzo nne ni nzuri kwa kuegesha gari moja juu ya jingine, shida ambayo sijaisikia Korogwe wala Handeni. Ina utulivu na haidai zege nene kama ya nguzo mbili, lakini gari linasimama kwa matairi yake, kwa hiyo breki na bushi, kazi zetu za kila siku, zinahitaji jeki nyingine juu ya lifti. Ya mkasi, inayokunjika sakafuni, inafaa matairi na breki, ila inakuziba katikati, pale hasa boksi la gia na propela shafti vilipo.

Vipi kuhusu shimo? Shimo halijui mgawo wa umeme, linabeba Canter, na fundi mwashi yeyote anaweza kulijenga. Lichimbwe upana wa sentimita 80 hivi ili hata IST isitumbukize tairi, kina cha kumtosha fundi atakayelitumia kusimama chini ya gari, lijengewe kuta, liwe na ngazi, kingo zilizoinuka kuzuia tairi, na mbao nzito za kufunika. Karibu na mto, upande wa Korogwe, masika litajaa maji kutoka chini hata ukiweka plasta. Handeni halitakusumbua hivyo. Hatari yake kubwa haionekani. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unashuka na kukaa shimoni, na cheche ya grinda au taa ya balbu iliyovunjika inatosha kuulipua. Moshi wa injini nao hukusanyika humo. Kazi ya tangi na paipu za petroli isifanyike juu ya shimo, na injini isiungurume mtu akiwa ndani. Nyumba yenye watoto wadogo, au majirani wenye watoto wanaokatiza uani, mimi nisingechimba.

Na mwenye gari moja la kwendea shambani na kanisani au msikitini? Huyo hahitaji lifti. Anunue jeki ya troli ya tani tatu, stendi nne nzuri, na vipande vya mbao ngumu vya kuwekea chini ya stendi penye udongo. Tofali la bloku lisitumike kamwe: linabeba vizuri mpaka linapopasuka, na linapasuka mara moja, halianzi kwa ufa wa kukupa nafasi ya kutoka. Jeki ni ya kunyanyulia, stendi ndiyo ya kushikilia. Hela inayobaki inatosha matairi.

Ukianza kupokea magari ya watu kwa malipo, hata kama ni uani, hapo ni mahali pa kazi. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 inataka usajili kwa OSHA, wakala wa usalama na afya mahali pa kazi, na mitambo ya kunyanyulia hukaguliwa. Wengi hulikimbia hili wakidhani ni kodi nyingine. Mkaguzi anayeona waya uliochakaa kabla yako amekupunguzia gharama, na siku ajali ikitokea, karatasi ya ukaguzi ndiyo utakayoulizwa kwanza. Kijana wa kujifunza naye asiruhusiwe kushika swichi ya lifti mpaka amepandisha na kushusha gari tupu mbele yako mara za kutosha.

Kwa maoni yangu basi: mwenye magari matatu au zaidi ya biashara, au fundi mwenye wateja wa kudumu, anunue ya nguzo mbili ya tani nne, njia moja, yenye loki pande zote mbili na nafasi ya pampu ya mkono, na asiilipie mpaka zege limefikisha siku 28. Atenge fungu la sakafu na umeme kabla ya fungu la mtambo. Likibakia dogo, asubiri msimu mwingine kuliko kununua ya bei ya chini. Siku ya kufunga awepo mwenyewe, ahakikishe kila tundu limepulizwa vumbi lote kabla bolti haijagongwa ndani, kwa sababu bolti iliyokaa juu ya vumbi inakaza leo na kulegea kesho. Kisha gari la kwanza kupanda liwe lake, likae juu ya loki usiku kucha pasipo mtu chini. Asubuhi alishushe, achukue spana ya toki, na azikague bolti zote moja baada ya nyingine kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kitabu. Arudie baada ya wiki, na baada ya hapo kila mwezi.